Kumtega paa kwa kamera wakati wa masika

Baba yangu alikuwa mtegaji. Alisokota kamba ya katani juu ya paja lake, akatengeneza matanzi matatu, si zaidi, na ilikuwa nadra arudi mikono mitupu. Watu walisema ana dawa. Hakuwa na dawa. Alijua paa anapita wapi, anapita saa ngapi, na akifika kwenye gogo anasimama kwanza au anaruka moja kwa moja. Mimi mtoto wa kike sikufundishwa kutega, lakini nilimbebea panga na kibuyu cha maji, na macho hayakatazwi kuona.

Sasa nina miaka sitini na moja. Nimeiacha cherehani yangu Ngamiani, Tanga mjini, nimerudi kwenye shamba la baba ng'ambo ya Mto Pangani, ukishavuka kwa pantoni. Nyuma ya minazi kuna msitu wa ukoo, mdogo, haufiki ekari thelathini. Umebaki kwa sababu ndani yake wamelala wazee wetu na hakuna aliyethubutu kuukata. Miaka minne iliyopita mpwa wangu anayefanya kazi melini aliniletea kamera ya kutega, ile inayofungwa mtini na kupiga picha yenyewe kila kiumbe kinapopita. Alitaka niiweke kwa ajili ya wezi wa nazi. Niliipeleka msituni, kwa sababu nilikuwa na swali moja tu: paa wa baba bado wapo?

Wapo. Ninaandika namna nilivyowapata kwa anayetaka kuwaona wa kwao bila kuwagusa.

Masika ndiyo majira yetu

Kijitabu kilichokuja na kamera kiliandikwa kwa ajili ya kulungu wa Ulaya na Marekani, wale wenye pembe za matawi. Kinasema habari za theluji kuyeyuka, madume kuotesha pembe mpya baada ya za zamani kudondoka, na majike kukaribia kuzaa. Huku kwetu mnyama huyo hayupo, na pembe za paa, funo na mbawala hazidondoki. Zikishaota ni zake mpaka kufa. Majira yetu ya kuchipua ni masika. Kuanzia Machi mpaka Mei udongo hulainika, ukashika unyayo wa mnyama mwepesi ambaye kiangazi hupita bila kuacha alama. Majani machanga huota mpaka ukingoni mwa shamba. Kunde nazo zinatambaa, na mbawala akishazionja hazimtoki moyoni.

Lazima ujue unamtafuta nani. Paa ninayemsema mimi ni yule mdogo wa vichaka vya pwani: sentimita 35 hivi begani, kilo 4 mpaka 6, yaani uzito wa majogoo wawili. Dume ana pembe mbili zenye pete, zimenyooka kuelekea nyuma, jike hana. Mkia anaupeperusha kulia na kushoto. Ana mwenzake wa kimo hichohicho, wa kijivu, ambaye wengi nao humwita paa. Huyo mkia wake unapanda na kushuka, weupe wa chini ukimetameta. Kwenye video utawatenganisha kwa mkia kabla hujaona kitu kingine. Funo ni mkubwa zaidi, mwekundu, ana kishungi cha nywele katikati ya pembe, na hupenda kuwafuata kima chini ya miti aokote matunda wanayoangusha. Mbawala ndiye mkubwa wao wote. Dume lake lina pembe zilizojisokota, mwili una madoa na mistari myeupe, na akishtuka usiku hubweka kama mbwa. Nimeona mgeni akitoka nje na tochi kumfukuza mbwa ambaye hakuwa mbwa.

Nenda kwanza bila kamera

Vijana wengi huingia msituni na kamera mkononi wakitafuta mti mzuri. Mti hauna shida. Kinachotafutwa ni njia.

Nenda siku mbili au tatu kabla, mchana wa saa sita mpaka saa nane, wanyama hawa wakiwa wametulia vichakani, na iwe mvua ilinyesha usiku uliopita. Vaa gambuti, kwa sababu kifutu hulala kwenye majani makavu na hasogei kukupisha. Kisha chuchumaa. Baba hakuutazama msitu akiwa amesimama. Alichutama mpaka macho yakawa usawa wa kichwa cha paa, na kichaka kilichoonekana kimefungamana kikafunguka mbele yake: vijia vyembamba, upana wa viganja viwili, juu majani yamegusana kama dari na chini ardhi imesuguliwa. Paa ana eneo lake na njia zake. Anapopita leo, kesho atapita.

Tazama unyayo. Ni kwato mbili zilizochongoka, na zote pamoja hazizidi sana ukucha wa kidole gumba changu. Tafuta choo chake, maana hurudi kujisaidia mahali palepale: rundo la punje nyeusi, kubwa kidogo kuliko mbegu za papai. Punje zinazong'aa ni za jana au leo; zilizopauka ni za zamani. Dume hupaka vijiti kwa tezi zilizo mbele ya macho yake, na hewa ikitulia unaweza kuinusa harufu yake kabla hujamwona. Jina lake la kisayansi lina neno *moschatus*, maana yake wa miski, na aliyempa jina hilo hakukosea.

Kama una mkuyu, utazame kila mara. Mkuyu haungoji msimu mmoja kama mwembe. Siku wangu ukianza kuangusha matunda, kamera inahamia pale siku hiyohiyo.

Vijia viwili vinapokutana, au kijia kinapobanwa kati ya gogo na kichuguu, hapo ndipo baba angeweka tanzi, na hapo ndipo pa kamera. Sioni ajabu. Mmarekani George Shiras, ambaye picha zake 74 za wanyama zilichapishwa kwenye jarida moja la kwao mwaka 1906, aliwapiga kulungu usiku kwa kutandaza uzi njiani. Mnyama akiugusa, baruti ya mwanga inawaka na picha imeshapigwa. Ilikuwa kazi ya mtegaji, ila mwisho wake mnyama alikwenda zake.

Kimo, umbali na upande

Mwezi wa kwanza nilifuata kijitabu: kamera usawa wa kiuno, hatua nane kutoka njiani. Nilipata picha mia tatu na kitu za majani, na moja yenye masikio mawili chini kabisa ukingoni. Kimo hicho ni cha kulungu. Paa alikuwa akipita chini ya macho ya kamera kila usiku.

Nikachukua tepu yangu ya ushonaji. Kwa paa, lenzi iwe sentimita 35 kutoka ardhini, na njia iwe mbali mita mbili na nusu mpaka tatu. Kwa funo, sentimita 50. Kwa mbawala, 70 hadi 80, na umbali mita nne au tano. Ukitaka wote kwa kamera moja, weka 45 na ukubali kukosa pembe za dume kubwa mara mojamoja. Pima kutoka pale mnyama atakapokanyaga, si kutoka shina la mti, kwa sababu ardhi inainuka na kushuka.

Kihisio cha kamera hakimwoni mnyama. Kinachokistua ni joto linalosogea, joto lililo tofauti na la vitu vya nyuma yake. Ndiyo maana alfajiri na usiku ni hodari, na Machi mchana, ardhi ikipigwa na jua mpaka ikakaribia joto la mwili, paa anaweza kupita mbele yake isijue. Usidhani ni mbovu. Itafute kivuli kizito. Kihisio hicho hutambua vizuri kinachokatiza mbele yake kuliko kinachokuja kukielekea. Ukielekeza kamera sambamba na njia, mnyama atafika puani ndipo ishtuke. Ukiielekeza ikate njia mraba, anapita haraka na unabaki na mkia. Iweke mshazari, ili paa aingie kwenye picha kwa upande mmoja na bado awemo hatua nne au tano.

Jua la kuchomoza na la kuzama likiingia kwenye lenzi huharibu picha za saa zile hasa unazozitaka, kwa hiyo mashariki na magharibi ziache. Kati ya kaskazini na kusini, wakati wa masika mimi huchagua kutazama kaskazini. Kusi ikishaanza, Aprili kuelekea Mei, mvua huja na upepo wa kusini, na kamera iliyoupa mgongo haipigwi matone usoni.

Kata kila jani lililo mbele ya lenzi kwa mita moja na nusu, na ukate kwa mkasi, usifyeke kwa panga. Njia ikionekana imefyekwa, paa atahama na mtu ataiona. Nyasi za masika hukua haraka sana. Jani moja linalopeperuka juani linaweza kujaza memori kadi kwa siku mbili.

Ukishafunga, jaribu. Mimi humwita mjukuu wa jirani, ana miaka tisa, apite kwa mikono na magoti. Mara ya kwanza aliniuliza, "Bibi, nitambae kama mbuzi au kama paa?" Nikamwambia kama paa aliyesikia mbwa kwa mbali. Alikwenda hatua mbili, akatulia, akageuza shingo, akaenda tena. Kamera ilimpata mara sita. Kwa mbuzi nisingejua kama inafaa.

Maji, betri na saa

Kabla ya kufunga mlango wa kamera, futa ule mpira wa ukingoni kwa kitambaa kikavu. Chembe moja ya mchanga inatosha kuingiza maji. Ndani weka kile kifuko cha punje za kunyonya unyevu kinachokuja kwenye boksi la viatu. Juu yake mimi hufunga kipande cha karara la mnazi kama kibaraza, kimetokeza vidole vinne mbele ya lenzi. Limenisaidia kuliko mfuko wa plastiki, ambao hupigapiga kwa upepo na kushika ukungu. Chunguza mti wenyewe pia: ukiona majani yameshonwa pamoja juu yako, ni majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini, tafuta mti mwingine. Sisimizi wadogo huweza kujenga ndani ya kamera yenyewe, na grisi kidogo kwenye mkanda huwazuia.

Betri za bei nafuu za redio zisikushawishi. Mchana zitapiga picha vizuri, lakini taa ya usiku inavuta umeme mwingi kwa mpigo mmoja, na zikichoka kidogo tu picha za usiku zinakuwa nyeusi. Utasema msitu hauna wanyama usiku. Nunua alkalaini nzuri, na kama mfuko unaruhusu, lithiamu, ambazo hudumu kuliko zote. Usichanganye mpya na za zamani. Ukichagua kamera, taa ya usiku ya nanomita 940 (ndicho kipimo cha wimbi la mwanga wake) haionekani kwa macho; ya 850 huonyesha wekundu hafifu lakini humulika mbali zaidi. Kwa paa wa mita tatu, ya 940 inatosha, na mtu apitaye usiku hataiona.

Memori kadi isafishe ndani ya kamera, si kwenye simu. Kisha weka tarehe na saa, na uzihakiki mara mbili, kwa sababu picha isiyo na saa ya kweli ni nusu ya picha. Saa ya kamera ni ya kizungu: ikiandika 18:47 ni saa kumi na mbili na dakika 47 jioni. Kwenye daftari langu naandika zote mbili, maana nilipoandika moja tu nilijichanganya mwezi mzima. Mpangilio wangu ni picha tatu kwa kila mshtuko, mapumziko ya sekunde 30, usikivu wa wastani. Video ya sekunde kumi huiwasha pale tu ninapotaka kuona mkia.

Usirudi haraka

Hapa ndipo wengi wanashindwa. Ukishafunga, ondoka, usirudi kwa wiki mbili. Kila safari yako unaacha harufu, na paa huishi kwa pua yake. Siku ya kwenda sijipaki manukato wala sijifukizi udi, na nguo zangu nazianika nje mbali na moshi wa jiko. Naenda mchana uleule wa saa sita, nabadilisha kadi, naondoka bila kukaa.

Wala usiweke chambo. Nimeshauriwa chumvi, nimeshauriwa maganda ya mihogo. Maganda yataleta nguruwe mwitu, na vyote viwili vitamzoesha paa kusimama mahali pamoja, saa ileile, kila siku. Mtegaji yeyote akipita hapo atashukuru.

Picha zikirudi

Usifute kitu siku ya kwanza. Picha unayodhani tupu, iangalie pembeni na chini. Kwenye zangu nimempata fungo, kanu, nungunungu, panya buku, na sange mwenye pua ndefu anayefukua majani kama aliyepoteza sindano. Huko milima ya Udzungwa, kamera za aina hii mwaka 2005 zilinasa sange ambaye sayansi haikuwa inamjua, na mwaka 2008 akapewa jina lake. Alianza kama picha ya kitu kidogo kwenye majani.

Paa mmoja akisimama mbele ya kamera dakika ishirini, unaweza kupata picha tisini au zaidi, na hao si paa tisini. Mimi huhesabu mara moja kwa saa: mnyama wa aina moja akirudi kabla saa haijaisha, ni ziara ileile. Naandika tarehe, saa, jinsia, anakotoka, anakoelekea, na hali ya mwezi. Mbawala unaweza kuwatambua mmojammoja, kwa kuwa madoa yao hayafanani. Ila ubavu wa kushoto haufanani na wa kulia, kwa hiyo weka kurasa mbili kwa kila mnyama. Nina jike mmoja mwenye madoa matano yaliyopinda kama mundu, nimemwona masika matatu.

Waya na watu

Msitu wangu ni wa ukoo, na bado niliwaambia wazee na mwenyekiti wa kijiji kabla sijafunga chochote. Msitu wa hifadhi uko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, na Hifadhi ya Taifa ya Saadani hapo jirani yetu iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Huko usifunge kamera mtini bila kibali. Kamera hupiga na watu. Niliiweka mara moja karibu na njia ya kuni, ikanipa picha za kina mama wenzangu wamejifunga khanga kifuani. Nilizifuta palepale, nikaihamisha, na nikawaambia kisimani kwamba nina kamera, iko chini ya goti, na inatafuta paa.

Aprili ya mwaka wa pili ilinipa picha nyingine: kijana amepiga magoti kwenye kijia, mkononi ana waya wa breki ya baiskeli. Niliitazama kwa muda mrefu, kwa sababu alivyopiga magoti ndivyo baba alivyopiga. Nilikwenda nikafungua nyaya nne. Ya tano ilikuwa na mguu wa paa, mguu peke yake.

Tanzi la katani likisahauliwa, masika moja inalila. Waya hauozi. Unaendelea kunasa baada ya aliyeutega kuhama mji: jike mwenye mimba, mbwa, hata mguu wa mtoto anayetafuta uyoga. Na kutega paa bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Picha ile sikuirusha kwenye makundi ya simu. Nilimwonyesha mwenyekiti peke yake, naye akamwita kijana pamoja na mjomba wake. Tangu siku hiyo, kila ninapobadilisha kadi natembea njia yote nikipapasa kwa fimbo usawa wa shingo ya paa. Nawe fanya hivyo. Tena picha zako usizitume na mahali zilipopigwa. Ukipiga picha ya kioo cha kamera kwa simu, simu inaweza kuhifadhi mahali uliposimama ndani ya picha, kwa hiyo izime hiyo alama kwenye mipangilio. Ndiyo sababu kijiji changu sijakitaja.

Ukimwona mtoto

Paa huzaa mtoto mmoja, na siku za mwanzo mama humlaza kichakani, akaenda kula na kurudi kumnyonyesha. Mtoto hatoki wala hatoi sauti. Ukikuta kitoto cha paa kimelala peke yake, hakijatupwa. Usikiguse, usikisogeze, usisimame kukipiga picha. Rudi ulikotoka kwa njia uliyojia, na wiki hiyo kamera iache.

Mwaka huu tarehe 2 Juni, 05:51 ya kamera, ambayo ni saa kumi na moja na dakika 51 alfajiri, jike alipita kati ya gogo na kichuguu, akasimama, akatazama nyuma. Picha ya pili yuko vilevile. Ya tatu, nyuma ya gogo kuna masikio mawili madogo. Nilikuwa nimepanga kwenda Ijumaa kukata nyasi mbele ya lenzi, lakini Ijumaa ilipofika sikwenda. Nyasi zimefunika nusu ya picha sasa, na kamera itakaa hivyo mpaka mwisho wa mwezi.